Nafasi ya Watu Wawili

Chiriku hakuwa amevua hata viatu vya safari alipojiona ukutani, amekwisha kuchumbiwa.

Ndiyo kwanza alikuwa anaingia sebuleni. Sanduku lake lilikuja likiburuzwa kwa gurudumu moja, la pili lilikuwa limefia uwanja wa ndege. Mdogo wake alikuwa amemning'inia shingoni, na Mama alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya mtandio huku anacheka. Kila kitu kilikuwa pale alipokiacha. Makochi yaleyale, vitambaa vilevile vya kufuma, na saa ya ukutani iliyotangulizwa makusudi ili Baba asichelewe kazini, ingawa Baba alishastaafu zamani. Ukuta wa picha nao ulikuwa palepale, umejaa karibu na dari. Lakini katikati yake ilining'inia picha mpya, kubwa kuliko zote. Chiriku alikuwamo, katika gauni lake la bluu, anacheka meno yote nje. Pembeni yake alisimama bwana mmoja mrefu, suti imemkaa sawasawa, mkono wake uko juu ya bega la Chiriku kama mtu aliyeshika chake. Bwana yule Chiriku hakumjua hata kwa kusimuliwa.

"Huyu nani?" akauliza.

Mdogo wake akamwachia shingo. Mama akakumbuka ghafla kwamba kuna kitu ameacha jikoni.

"Nauliza. Huyu nani aliyenishika bega?"

"Mchumba wako," akajibu Shangazi kutoka kwenye kochi kubwa, anajipepea kwa kifuniko cha bakuli. "Karibu nyumbani, mwanangu. Anaitwa Injinia, hata mama yake anamwita hivyo. Yuko hukohuko unakofanya kazi wewe, mji wa pili tu, mnapandiana treni. Ana nyumba, ana adabu, hana maneno mengi. Kesho kwenye sherehe ya wazazi wako utamuona kwa macho."

"Kwa hiyo nimechumbiwa, na mimi ndiye wa mwisho kujua?"

"Si ndiyo maana tunakwambia?"

Ili mtu aelewe jinsi jambo la ajabu kama hili lilivyowezekana, lazima aijue sheria ya nyumba ile. Baba alikuwa mpima ardhi. Maisha yake yote ya kazi aliyamaliza kwa kupanda mawe ya mipaka kwenye viwanja vya watu, na alipofika kwake alipanda mpaka wake mwenyewe, nao ulikuwa picha. Kila sherehe ilipigwa picha moja ya familia, moja tu, na Baba ndiye aliyewapanga watu kama anayepanga mawe. Aliyesimama kwenye picha ni wa nyumba hii. Ambaye hajasimama, hata awe amekula hapo miaka mingapi, ni mgeni. Mke wa Kaka alikaa pembeni ya picha mpaka siku ya harusi yake, na tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kumwita mtu wa kuja.

Chiriku alipopata kazi ng'ambo, katika maabara ya kutengeneza meno ya bandia, sheria haikubadilika. Watu walijipanga, wakaacha nafasi kushoto kwa Mama, kisha fundi wa picha akambandika. Ndivyo walivyosema, kubandika. Alibandikwa kwenye harusi ya Kaka, akabandikwa kwenye mahafali ya mdogo wake, akabandikwa siku mjukuu wa kwanza alipotimiza mwaka. Nyumba ikazoea. Ikawa Chiriku anawekwa mahali kwanza, halafu ndiyo anaambiwa. Sasa wamembandika hadi na mume.

Baba aliingia kutoka uani, ambako vijana walikuwa wanafunga turubai. Alimkumbatia binti yake, akamshika mashavu, akamtazama kwa muda. Alikuwa amempa jina la Chiriku tangu utotoni, kwa kuwa alikuwa hamalizi kusema. Leo Chiriku hakuwa na maneno mengi.

"Baba, mimi nina mtu. Nilimwambia Mama miezi mingi iliyopita, na najua Mama alikwambia."

"Aliniambia."

"Sasa?"

"Sasa kesho Injinia atasimama kwenye picha," Baba akasema taratibu, anakung'uta vumbi mikononi. "Mambo mengine utaongea na shangazi yako. Ndiye aliyelishughulikia."

"Mtu gani unaye wewe?" Shangazi akadakia. "Yule mpiga picha? Yule Tabasamu? Mtoto wa watu, umevuka bahari, umekaa kwenye baridi, umejifunza lugha ya watu mpaka unaota nayo, halafu unakuja kumchukua mtu wa mtaa wa pili? Huyo si ungemuona hata kwa kufungua dirisha! Ndege ulipanda ya nini?"

Mdogo wake akaficha kicheko kwenye kiganja. Chiriku hakucheka. Alikuwa anaitazama ile picha. Kivuli cha yule bwana kilianguka upande uleule na kivuli chake. Vidole vilikaa juu ya kitambaa cha bluu, na kitambaa kikabonyea kidogo chini yake. Mtu yeyote angeapa kwamba wawili wale walisimama pamoja mchana mmoja. Chiriku alimjua mtu mmoja tu mwenye mikono ya kazi kama ile.

"Nani aliyetengeneza picha hii?"

Shangazi akatabasamu. "Fundi wako mwenyewe. Tena hakusumbua hata kidogo."

Chiriku aliliacha sanduku katikati ya sebule, akatoka.

*

Studio ya Tabasamu ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa vioo. Ndani kulikuwa na pazia la nyuma lililochorwa ngazi zisizokwenda popote, taa mbili zilizofunikwa miavuli myeupe, makoti ya kuazima ya wateja waliokuja bila koti, na kitana kilichofungwa kwa kamba karibu na kioo, maana vitana vitatu vya kwanza vilitembea na wateja. Mwenyewe alikuwa amekaa kwenye stuli, anakata picha ndogondogo za pasi kwa mkasi. Jina la Tabasamu walimpa kwa neno analowaambia watu kabla ya kubonyeza. Yeye mwenyewe hatabasamu ovyo.

Aliinua kichwa, mkasi ukasimama.

Chiriku alikuwa ameifikiria saa hiyo mara nyingi sana, kwenye treni, kazini akiwa ameinama juu ya taya la plasta, kitandani na soksi miguuni. Tangu mapenzi yaanze hawakuwahi kuwa chumba kimoja. Alikuwa amepanga atakavyoingia, atakavyosema, hata atakavyonyamaza. Sasa alimuona, mrefu kuliko kwenye simu, shati limekunjwa mikono, na macho yale yaliyomtazama dakika ile yakampita moja kwa moja mpaka miguuni.

"Umenishikisha bega na mtu nisiyemjua," akasema.

"Umefika," Tabasamu akasema, kama hakusikia.

"Umesikia nilichosema?"

"Nimesikia." Akaweka mkasi chini. "Shangazi yako alikuja hapa na picha ya yule bwana. Akasema umekubali. Akasema mmeonana hukohuko, mmependana, ila wewe unaona haya kuniambia, kwa hiyo nifanye kazi na ninyamaze. Hayo ndiyo maneno yake."

"Na wewe ukaamini?"

"Ana suti yake mwenyewe, Chiriku. Zangu hizi ni za kuazimisha wateja."

"Sikuuliza habari za suti! Nimekuuliza, uliamini? Wewe? Baada ya yote yale?"

Yote yale yalianza na harusi ya Kaka. Familia ilimletea Tabasamu picha ya pasi ya Chiriku ili ambandike, naye akakataa katakata. Alipiga simu ng'ambo, kwa mtu ambaye alikuwa akimuona tu akipita dirishani enzi za nyuma, akamwambia, "Dada, samahani. Mtu hawezi kwenda harusi ya kaka yake na uso wa kupangia foleni ya viza. Una ukuta mweupe?" Chiriku hakuwa nao. Akaiegesha simu mezani impige picha, akasimama karibu na dirisha, juu gauni la sherehe, chini suruali nzito na soksi mbilimbili, nje theluji inaanguka, na mwenzake wa chumba amemshikia shuka nyuma. Tabasamu akawa anamwambia kwenye simu, "Jua linatoka kushoto. Mama yako yuko hapa kulia, amekushika mkono, kiganja chake kina joto. Kaka yako amekanyaga shela la mkewe, watu wote wanacheka. Geuka uone." Chiriku akageuka, akatazama kabati lake la nguo, na akacheka mpaka machozi. Kila sherehe aliyoikosa aliihudhuria kwa sauti ile. Baadaye sauti ile ikawa inapiga hata kusipokuwa na sherehe, na Chiriku akawa hali chakula cha jioni mpaka aisikie.

"Siku ile ya gauni la bluu nilikuwa namcheka nani?" akamuuliza sasa. "Kwenye hiyo picha yako nzuri, namcheka nani?"

Tabasamu akainamisha kichwa. "Unanicheka mimi. Nilikuwa nimekusimulia habari za bibi aliyekuja kupiga picha, akataka nimtoe makunyanzi lakini nimwachie heshima."

"Basi ulichukua kicheko chako, ukampa mtu mwingine."

"Ndiyo," akasema. "Na niliifanya vizuri kuliko kazi yoyote niliyowahi kuifanya. Nilikaa na ule mkono wake siku nzima, nautafutia pa kukaa juu ya bega lako. Nilijiambia kama ndiye uliyemchagua, basi akushike vizuri. Nilipomaliza nilifunga studio, nikaenda nikatembea tu, hata sijui wapi."

"Ndiyo maana ukanyamaza. Wiki zote hizo nakupigia, unaniambia uko na wateja."

"Nilishindwa kukusikia."

"Kwa nini hukuniuliza? Neno moja tu! 'Chiriku, ni kweli?'"

"Niliogopa utasema ndiyo."

Barabarani mtu alipiga honi, akapiga tena. Chiriku alitaka kumpiga kibao, na alitaka kumshika uso kwa mikono miwili, na hakujua lipi lianze. Akageukia ukutani kuficha macho yake. Pale, kati ya maharusi na watoto wa watu, kulikuwa na picha moja iliyokaa vibaya. Tabasamu mwenyewe, nusu ya bega iko nje, mguu mmoja bado uko hewani.

"Hii nani alipiga?"

"Kamera yenyewe. Unabonyeza, taa nyekundu inapepesa, unakimbia kwenda kusimama. Nilitaka kujua mtu anajisikiaje akiwa upande ule."

"Ulichelewa."

"Sikuwa na wa kunivuta."

Chiriku akacheka bila kupenda, machozi yakatumia nafasi hiyo kutoka. Tabasamu akanyanyuka. Akanyoosha mkono, ukasita hewani karibu na bega la Chiriku, kama mtu anayeomba ruhusa kwa mkono.

"Lishike," Chiriku akasema. "Ni la kwako. Hakuna aliyewahi kulishika hata siku moja, ila kwenye mashine yako."

Akalishika. Chiriku akafumba macho. Mwili wake wote ukahamia pale begani, na kwa muda hakukuwa na sherehe wala ndege ya kurudi. Alipofumbua macho, hasira yake ilikuwa bado iko palepale, lakini ilikuwa imegeuka na kutazama upande wa nyumbani.

"Mimi sirudi kule nikiwa nimechumbiwa na ukuta," akasema. "Kesho nitasema mbele yao wote. Habari ya nani atahamia kwa nani, wewe kule au mimi hapa, hiyo ni yetu, tutaimaliza wenyewe. Ila sitawekwa. Nimechoka kuwekwa. Wewe utasimama na mimi, au utasimama na kamera?"

"Baba yako ataniondoa kwa fimbo."

"Hilo si jibu."

Tabasamu akamtazama. "Nitasimama."

"Basi vaa shati zuri," Chiriku akasema, anajifuta mashavu. "Na usivae koti la kuazima."

*

Siku ya pili, uani palikuwa hapatoshi. Turubai lilitanda kutoka ukuta hadi ukuta, viti vya plastiki vimevishwa vitambaa vyeupe, spika zinaimba kwa nguvu hata wazee wanaongea kwa ishara. Mama alivaa rangi ya dhahabu, Baba suti ya kijivu aliyoiingia kwa kushikilia pumzi. Miaka arobaini ya ndoa si mchezo. Watu walikula, wakacheza, wakatoa maneno. Na kila aliyempita Chiriku alimpa pongezi za uchumba. Mmoja alimwambia picha yao imependeza sana, waendelee hivyohivyo.

Injinia alifika na maua. Akamfuata Chiriku moja kwa moja, mpole, ana kijasho kwenye paji la uso.

"Hatimaye," akasema. "Asante kwa kunikubali. Nilikuwa na wasiwasi, kwa vile hatujawahi kuonana."

"Nani amekwambia nimekukubali?"

Injinia akatazama maua, akamtazama yeye. "Shangazi yako. Akanitumia na ile picha. Kusema kweli niliuona mkono wangu begani kwako, nikajiuliza siku hiyo nilikuwa wapi."

Chiriku akashindwa kujizuia, akacheka. Mtu mwenyewe hakuwa mbaya hata kidogo, na hilo lilimuumiza zaidi. "Kaka yangu," akamwambia, "wewe na mimi tumedanganywa na mtu mmoja. Mimi nina mtu, ndiye yule pale mwenye kamera. Leo nitasema. Wewe fanya unaloliona la haki."

Kabla hajajibu, sauti ya Baba ikapanda juu ya muziki. "Picha! Familia, picha!"

Spika zikazimwa. Wageni wakasogea kutazama, maana kila mtu aliijua sheria, na kutazama ni nani ameongezwa ilikuwa nusu ya sherehe. Baba akawapanga. Yeye na Mama kwenye viti viwili vya mbele. Kaka, mkewe na mtoto nyuma. Mdogo wake Chiriku mwisho wa mstari. Shangazi kushoto, kilemba chake kimemziba mtu mzima. Injinia akavutwa mkono, akasimamishwa kulia, na pembeni yake ikaachwa nafasi ya mtu mmoja.

"Chiriku! Nafasi yako hii hapa."

Chiriku alikuwa amesimama nyuma ya kamera, bega kwa bega na Tabasamu.

"Mimi niko sawa hapa, Baba. Acheni nafasi kama mlivyozoea."

Wageni wakacheka. Baba hakucheka. "Umetoka mbali kote huko uje ukae nje ya picha?"

"Yule aliyekuwa mbali ndiye mliyemzoea. Mlimweka mnapotaka, hakuwahi kulalamika, mwisho mkamwekea na mume. Leo nimekuja mwenyewe, na miguu yangu. Sibandikwi." Akapandisha sauti ili hata waliokuwa nyuma ya masufuria wasikie. "Jamani, pongezi zenu nazirudisha, sijachumbiwa na mtu. Ninayempenda ni huyu." Akaupachika mkono wake juu ya bega la Tabasamu, palepale, mbele ya uwanja mzima. "Kama mnataka niingie kwenye hiyo picha, acheni nafasi ya watu wawili."

Hata mtoto wa Kaka akaacha kunyonya kidole.

"Mnamsikia!" Shangazi akapasuka. "Mnamsikia mtoto huyu! Anatuvua nguo mbele za watu! Na wewe, fundi, tumekuita upige picha au upige watoto wa watu?"

Chiriku alilihisi bega la Tabasamu likinyooka chini ya kiganja chake.

"Mlinibandikisha mtu ninayempenda kwa mwanamume mwingine, Shangazi, nikafanya," Tabasamu akasema. "Nilikosea. Sirudii. Mzee, kwa heshima zote, leo naomba kusimama upande huo."

"Hapana," Baba akasema.

Injinia akakohoa. Akatoka kwenye mstari, akampa Mama yale maua, akainama kidogo. "Hongera kwa miaka arobaini, Mama. Mimi niliambiwa naitwa, ndiyo nikaja. Naona anayeitwa ni mwingine."

"Injinia! Rudi hapo!" Shangazi akamfokea.

"Nitakaa na wageni, Shangazi. Huku kuna chakula." Na akaenda kukaa, na watu wakamsogezea sahani kwa heshima zote.

Baba alikuwa amekunja uso mpaka nyusi zimegusana. "Basi picha haipigwi," akasema. "Imeisha hiyo. Washeni muziki."

Hakuna aliyewasha. Kwa sababu Mama alikuwa ameinuka.

Mama alikuwa hajasema neno tangu jana. Sasa alimpa mkwewe yale maua ashike, akakikamata kiti chake, kiti cha heshima chenye kitambaa cheupe na utepe, akakinyanyua na kukisogeza mbali na kiti cha mumewe. Akapima kwa macho. Akaona hapatoshi, akakisogeza tena. Kati ya viti viwili vya maharusi wa miaka arobaini kukawa na uwazi wa kutosha watu wawili kusimama. Akakaa, akaweka mkoba wake mapajani.

"Mama watoto," Baba akanong'ona, lakini kwa kimya kile wote walisikia, "unanihama? Siku kama ya leo?"

"Sijakuhama. Nimeacha nafasi." Mama hakumtazama. "Mwezi mzima nafagia ile sebule nimeipa ile picha kisogo. Binti yangu anachekeshwa na mtu mmoja, begani ana mkono wa mtu mwingine. Nilinyamaza, na ninajuta. Sinyamazi tena." Kisha akainua macho kwa Tabasamu. "Piga, mwanangu."

"Huyo akiingia, mimi natoka!" Shangazi akasema.

Mama akavuta miguu, kumpa njia ya kupita.

Shangazi akatoka kwa hatua nzito, kilemba kinayumba, akaenda kusimama chini ya turubai na mikono kiunoni. Tabasamu akabonyeza. Taa nyekundu ikaanza kupepesa. Akaganda, macho kwenye taa, kama mtu aliyesahau miguu yake iko wapi. Chiriku akamshika mkono akamvuta. Wakakimbia, uwanja mzima ukiwatazama, wakapita mbele ya Kaka aliyekuwa anauma midomo asicheke, wakaingia kati ya viti viwili.

"Mimi sijakubali!" Baba akageuka, kidole juu. "Nasema sija..."

Kamera ikapiga.

Chiriku alikuwa anahema. Kiganja cha Tabasamu kilikuwa kimelowa jasho ndani ya chake, na hakukiachia.

"Baba," akasema, "aliyesimama kwenye picha ni wa nyumba hii. Nani alisema hivyo?"

Baba akawatazama wageni, ambao walikuwa wanamtazama yeye. Akamtazama mkewe, aliyekuwa mbali naye kwa upana wa watu wawili. Akamtazama Tabasamu, aliyesimama wima kama anayesubiri sindano. Mwisho akamtazama binti yake, na Chiriku hakuinamisha macho.

"Nimetoka mdomo wazi," Baba akasema.

"Ndiyo, Mzee," Tabasamu akasema.

"Picha ya miaka arobaini yangu haiwezi kukaa ukutani nikiwa mdomo wazi." Akavuta koti la suti, akashika pumzi tumbo lirudi ndani. "Nenda kabonyeze tena. Ukimaliza urudi hapohapo ulipokuwa. Usinivurugie mstari."

Vigelegele vikapigwa kutoka upande wa masufuria. Tabasamu akaenda, safari hii miguu ilijua njia. Kaka akanyoosha shingo kutazama kushoto, mahali palipobaki patupu.

"Tusogee tujaze hapa kwa Shangazi?" akauliza.

Taa nyekundu ilishaanza kupepesa. Tabasamu alikuwa anakuja mbio, na Chiriku alikuwa amenyoosha mkono kumpokea.

"Mwachieni nafasi yake," akasema. "Shangazi tutambandika."